Kompyuta Iliyosahau Mwaka

Nilikuwa nimeahidi kwamba programu ya kuandikisha watoto wa kliniki ingekuwa tayari saa nne asubuhi, na katika zahanati ile ya Buganguzi fundi wa kompyuta waliyemjua ni mimi tu. Saa nne ikapita. Akina mama walijaa kwenye mabenchi, nami sikuweza kukaa kitini dakika mbili.

Programu niliileta kwenye flashi kutoka nyumbani Nshambya, ikiwa bado msimbo mtupu, maandishi ya maagizo tu. Ilibidi ijengwe, yaani igeuzwe programu kamili, palepale kwenye kompyuta ya zahanati. Kabla ya kujengwa, huikagua kwanza kompyuta, kitu kimoja kimoja, iangalie kama kila inachohitaji kipo, na kila ukaguzi huacha mstari mmoja kwenye skrini. Ukaguzi wangu ulikwama mwanzoni kabisa. Ulilalamika kwamba faili iliyotengenezwa sasa hivi ni ya zamani kuliko zile nilizokuja nazo. Nikadhani flashi ni mbovu. Nikanakili upya. Nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi. Vilevile.

Muuguzi mkuu, mama mtu mzima mwenyeji wa Izimbya, alichungulia mlangoni.

“Baba, jana umeme ulikatika, sasa hiyo…”

“Mama, niache kidogo, tafadhali!”

Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia. Huko kwenye mabenchi wakageuka kuniangalia.

Hakuondoka. Alisogea, akaweka kidole kwenye kona ya skrini. “Nilitaka kukwambia, umeme ukikatika inasahau tarehe. Ona mwenyewe. Mwaka huo hata mimi sijaanza kazi hapa.”

Nikaona. Betri ndogo ya ndani, inayotunza tarehe umeme usipokuwepo, ilikuwa imekufa, na kwa hesabu ya kompyuta ile, faili zangu ziliandikwa miaka mingi ijayo. Masikio yaliniwaka.

“Nisamehe, mama. Nimekosa adabu.”

“Rekebisha kwanza. Watoto wanalia.”

Nilirekebisha tarehe, nikaanzisha ukaguzi upya. Ipo. Ipo. Ipo. Nilisoma kila mstari nikiwa nimesimama, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani. Ilipokaribia saa sita, programu ikafunguka.

Mtoto wa kwanza kuandikishwa alilikojolea daftari la zamani la kuandikishia watoto alipovuliwa nguo apimwe uzito, na muuguzi akacheka hadi akajifuta machozi. Mimi sikuweza kucheka. Mkoba ulikuwa tayari begani, nikiwaza duka gani Muleba mjini lingekuwa na betri ile kabla umeme haujakatika tena.