Kompyuta Inayomsubiri Mgeni Rasmi

Juzi nilikaa kwenye benchi la ofisi moja hapa Mwanza, nyuma ya mama aliyevuka ziwa kwa kivuko kutoka Kamanga. Mwanawe amepata nafasi sekondari, ila shule imeirudisha barua ya utambulisho aliyopewa na ofisi hiyo kwa kuwa iliandikwa kwa mkono. Wanataka iliyopigwa chapa, na mwisho ni kesho.

"Taipureta imeishiwa utepe," karani akamwambia.

Mama akanyoosha kidevu kuelekea kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. "Na hiyo?"

Karani akakifunua polepole, kama anamfunua bibi harusi. "Hii, mama, yote ni boksi moja. Skrini inchi kumi na nne, ubongo, spika, vyote humo humo. Kumbukumbu megabaiti nane. Diski megabaiti mia moja sitini. Na printa yake ile pale."

"Barua inaandika?"

"Vizuri mno. Ila haijazinduliwa. Tunamsubiri mgeni rasmi."

"Anakuja lini?"

"Bado hatujamwalika."

Nikamwelekeza mama aende Kirumba, jirani na soko la samaki, kwa binti anayewapigia watu barua kwa taipureta yake kuukuu. Akainuka. Karani naye akainuka, akatoa karatasi kwenye droo na kumpa kwa mikono miwili.

"Mama yangu, naomba akupigie na hii. Ndiyo barua ya kumwalika mgeni rasmi. Mkubwa kama yule hapelekewi ya mkono."

Mama wa watu akaipokea. Ningekuwa mimi, mashine ile ingezeekea chini ya kitambaa.