Mti Namba Arobaini

Minza binti Mayala hakuwa mtu wa haraka. Nilimwona akikimbia siku moja tu, na siku hiyo alikimbia kwa sababu yangu. Nasema hivi mapema ili msije mkanisifu mkifika katikati. Mimi Nikolaus sistahili sifa, na huruma ya mtu siitaki.

Alikuwa mjane. Aliolewa kwetu Itundu akitokea Puge, na mumewe alipofariki akakataa katakata kurudi kwao. Alilima kama sisi wote, lakini mvua zikishika aliliweka jembe pembeni akaingia porini kuokota uyoga. Wanawake wengine walikwenda kwa makundi na soga. Yeye alikwenda peke yake, na alirudi na ungo umejaa wakati wenzake wana konzi mbili. Alijua mti gani unatoa uyoga gani, na wiki gani. Ukimwuliza mahali, alikudanganya mchana kweupe, tena bila haya.

Mwaka wa sabini akaja kijana wa Chuo Kikuu, Raymundi, na Landrova yake. Alisema anatafuta udaktari. Watu wakamletea watoto wenye homa. Ikabidi aeleze kwamba udaktari wake ni wa miti: anataka kujua mti wa pori letu unanenepa kiasi gani kwa mwaka, na ukiunguzwa na moto unapona baada ya muda gani. Tulicheka sana.

Alichagua miti tisini na sita, mitundu na miyombo, kando ya njia ya zamani ya wapagazi. Kila mti akaupigilia kibati chenye namba. Mwezi haukuisha, vibati vyote vilikuwa vimeziba matundu ya masufuria kijijini. Cha kwangu kiliziba birika. Bila namba, Raymundi akapotea humo porini, hajui huu ni upi na ule ni upi. Aliyemwonyesha mti mmoja mmoja ni Minza. Ndipo akampa kazi. Safari hii akatumia rangi: pete nyekundu kifuani mwa mti, na namba juu yake. Kila Septemba Minza alishika ncha ya utepe wa kupimia, akataja namba, Raymundi akaandika unene katika daftari. Namba alizijua kwa kisomo cha watu wazima, na mwalimu wake nilikuwa mimi.

Sasa sikilizeni kosa langu. Kabla sijawa katibu wa kijiji niliwahi kufanya kazi ya kupaka miti rangi kwa wapasua mbao, miaka sita. Kwetu pete nyekundu ilikuwa na maana moja: kata. Nilijua kijana anapima, ndiyo. Lakini tangu lini mtu akapima mti asiutake? Sisi tuliopima miti, tuliipima ili tuiangushe. Moyoni nikaamini kwamba siku moja serikali itakuja kuchukua ile tisini na sita, na kwamba Raymundi anatuficha tu.

Mwaka wa sabini na nne, Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Familia zikaanza kuletwa kwa malori, na vitu vyao, na kuku wao, zikamwagwa uwanjani. Nyumba zilitakiwa zisimame kabla ya mvua. Jumamosi moja mwanzoni mwa Oktoba akaja bwana mmoja kutoka wilayani, akauliza mbele ya mkutano miti ya kujengea itatoka wapi. Nikasimama na kifua mbele. Nikasema miti ipo, tisini na sita, imeshapigwa alama ya kukatwa, na iko karibu na barabara. Yule bwana akafurahi. Akasema Jumatatu asubuhi analeta watu arobaini wenye mashoka.

Minza akasimama. Akasema ile si miti ya kukata, ni ya kupimwa, na mwenyewe yuko Dar es Salaam, mwaka huu amechelewa, atarudi baada ya wiki mbili. Yule bwana akaniuliza huyu ni nani anayepinga Operesheni. Nikamwambia Minza akae chini. Jina lake likaandikwa.

Baada ya mkutano akanifuata nyumbani. Aliniamkia vizuri, ingawa tulikuwa karibu rika moja, kisha akaeleza taratibu kama anayemweleza mgonjwa. Miaka minne ya kipimo. Miti ikikatwa, kijana hana udaktari, anaanza upya au anaacha. Na alipoondoka alimwachia yeye miti ile, kwa mkono wake, akasema mama, nitunzie. Mpaka hapo nilikuwa nimeshaelewa kwamba nimevurunda. Nilielewa vizuri sana. Lakini kurudi kwa yule bwana nikaseme nilibwabwaja? Niliona aibu, na niliogopa. Nikamjibu kwa ukali, nimwondoe tu mlangoni.

"Rangi ikiwepo, mti unakatwa. Rangi isipokuwepo, mimi sina la kusema."

Alinitazama, akaaga, akaenda.

Jumapili mchana nilikwenda porini kuhesabu miti nigawe kazi. Mti wa kwanza ulikuwa na tope kavu, limepasuka na kuanguka, wekundu unachungulia. Wa pili hivyo hivyo. Kuanzia wa tatu hapakuwa na tope wala rangi. Gome la juu lilikuwa limeparuliwa kwa panga, taratibu, bila kugusa nyama ya mti. Nikasikia kishindo cha miguu. Ni Minza, anakimbia kutoka mti hadi mti, khanga imefungwa kiunoni, viganja vinatoka damu. Alikuwa ameshaparua miti hamsini na mitatu, bila kufuata namba. Tope alilijaribu asubuhi, jua likalishinda.

Nikamwuliza kama anajua hiyo inaitwa hujuma, na kwamba watu wanafungwa kwa hujuma.

"Katibu, ni wewe uliyesema rangi isipokuwepo huna la kusema," akanijibu. "Basi usiseme."

Akaendelea kuparua. Nilisimama pale nikipiga hesabu: nikimwacha nimeshiriki, na nikimshtaki nimemwua. Mwisho nikachomoa panga langu. Nikamwambia ashike upande wa magharibi, mimi nitamaliza wa mashariki. Hakunishukuru. Alisema tu nisiguse nyama ya mti, nitavuruga kipimo.

Jumatatu yule bwana akaja na watu wake. Tukazunguka pori. Hakuna pete hata moja. Aligeuka akaniangalia, na watu arobaini wakaniangalia.

"Ndugu Katibu, miti ya alama iko wapi?"

 Nikampeleka upande wa mashariki, nyuma ya kichuguu. Palikuwa na mtundu mmoja, mnene, mzuri, pete yake nyekundu haijaguswa. Namba arobaini. Nikasema ndio huu, mingine nilihesabu vibaya, alama zake zilikuwa za zamani zikafutika. Akanitukana mbele ya watu, akasema nimempotezea siku, akanipa shoka nianze mimi. Nikaukata. Wenzangu wakamalizia. Kisha, kwa kuwa hakuniamini tena, akawapeleka wote ng'ambo ya njia ya wapagazi, wakajitafutia miti huko. Ile tisini na mitano ikabaki. Ukatibu nilivuliwa mwezi uleule.

Watu wakisikia wataniambia ulikuwa ujanja. Haukuwa ujanja. Mti ule sikuusahau Jumapili. Niliuacha makusudi, ili wakinibana niwe na cha kuonyesha. Na Minza alikuwepo wakati nauangusha, na ungo wake kichwani.

Raymundi alirudi. Alitembea miti mitano, kumi, ishirini, halafu akakaa chini juu ya majani makavu akashika kichwa. Alimwambia Minza maneno ambayo mtoto hamwambii mama. Alisema umeniua, afadhali wangekata. Mimi nilikuwepo. Minza alingoja amalize, kisha akamwambia afungue daftari.

Akaanza. Huu ni wa kwanza. Raymundi akazungusha utepe, akasoma, akatazama daftari: umezidi kidogo tu kipimo cha mwaka jana. Huu ni wa pili. Huu wa tatu, unatoa uyoga wa njano, wiki ya pili ya mvua. Huu wa nne, hautoi kitu, mchoyo. Siri zake zote za uyoga, alizowaficha wifi zake miaka yote, alizimwaga siku ile mbele yetu. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Kila utepe ulipozungushwa nilichungulia daftari. Akikosea mitatu tu, minne tu, daftari zima ni takataka.

Sabini na moja na sabini na mbili ilikuwa pacha, unene mmoja. Alizunguka, akapapasa chini. Ardhi ilikuwa kavu. Akasema hajui, aandike hajui, mvua ikinyesha atajua. Raymundi akaandika. Na mvua ziliponyesha uyoga mweupe wa sabini na moja ulitoka chini ya ule wa kaskazini, tukampelekea barua.

Lakini siku ile kilikuwa kimebaki kipimo kimoja, ambacho Minza alikiruka. Tulifika kwenye kisiki nyuma ya kichuguu. Raymundi akauliza arobaini umekwenda wapi, na nani aliukata, maana ndio uliokuwa ukinenepa kuliko yote. Minza akanitazama. Nilitazama viatu vyangu. 

"Andika ulikatwa," Minza akasema.

Udaktari aliupata. Kitabu chake alikileta mwenyewe mpaka Itundu, akamwonyesha Minza alipomshukuru kwa jina ukurasa wa mbele, na Minza akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, jinsi nilivyomfundisha. Mimi nilifunua orodha ya miti. Mbele ya arobaini pameandikwa neno moja tu: ulikatwa.

Minza tumemzika mwaka huu. Hakumwambia mtu, mpaka mwisho. Kwa hiyo Raymundi, popote ulipo, ongeza pale: ulikatwa na Nikolaus, katibu, aliyeuacha na rangi yake makusudi.