Nembo ya Ng'ombe wa Pembe Moja

Shule niliiacha mapema, na tangu hapo sijawahi kukaa mahali nikamaliza msimu. Mwaka ule nilikuwa Masama kwa shangazi yangu, nikila mtori wake wa ndizi bila kazi ya maana. Alikuwa ameanza kukaanga na kusaga kahawa yake mwenyewe, akataka nembo ya kubandika kwenye pakiti. Nikamchorea ng'ombe wake wa zizini, aliyevunjika pembe ya kushoto, na mlima nyuma yake.

"Kaisajili hiyo, shangazi," nilimwambia. Nilikuwa nimesoma habari hizo kwenye gazeti lililofungiwa maandazi.

"Imeshasajiliwa. Mchungaji ameiombea mbele ya usharika mzima. Wewe ulikuwa umelala."

Kweli, Jumapili ya mavuno alikuwa ametoa pakiti ya kwanza sadaka, ikanadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Aliyeshinda mnada ni mfanyabiashara wa Kwa Sadala, akapigiwa makofi. Miezi miwili baadaye kahawa yake mwenyewe ilikuwa sokoni, pakiti zikiwa na ng'ombe yuleyule. Tena yeye hakutegemea sala peke yake: alikuwa ameshapeleka maombi ya kusajili alama ya biashara.

Tukamfuata dukani kwake.

"Mama, mlima ni wa Mungu," alisema.

"Mlima chukua. Ng'ombe je?"

"Hata mimi nina ng'ombe wa pembe moja."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe!"

Mwanasheria mmoja wa Moshi mjini alitueleza kwamba maombi yale hayajakubaliwa, na shangazi anaweza kuweka pingamizi kwa kuwa ndiye aliyeanza kuitumia nembo. Mchoro wenyewe, kwa vile hakuna aliyeniajiri kuuchora, hakimiliki yake ni yangu. Mimi, mwenye begi moja na viatu vya kuazima, nikawa na mali! Nilitembea kifua mbele hadi stendi, shangazi akanitazama.

"Sasa bwana mkubwa, na mimi utanishtaki?"

Nikarudi kwa mwanasheria kusaini karatasi ya kumwachia hakimiliki.

Mfanyabiashara alijibu pingamizi letu kwa picha ya ng'ombe wake. Kweli alikuwa na pembe moja, na kidonda kibichi cha msumeno. Tena bwana yule alikuwa amekata pembe ya kulia.

Tulishinda. Cheti cha usajili kilipofika, shangazi alikipeleka kanisani kiombewe. Safari hii alikishika mwenyewe kwa mikono miwili mpaka mnada ukaisha.