Asubuhi Jua Lilipopatwa Katindiuka

Juzi nilikwenda Ifakara kwenye msiba. Tulipotoka makaburini nikawaacha wenzangu, nikatembea mpaka Katindiuka, mahali ilipokuwa nyumba ya jirani yetu. Sasa pana mashine ya kukoboa mpunga. Nilisimama kwenye pumba, na mwili ukanisisimka kama enzi zile nikitumwa kwake kuomba moto.

Kama ulikulia bondeni miaka ile ya hamsini, rafiki yangu, unaikumbuka miezi ya kungoja mvua. Mashamba yamelimwa, mbegu ziko tayari. Asubuhi unasikia vinu, halafu kengele ya misheni. Jioni bibi anabanika kambare, moshi unakutoa machozi. Jirani yetu alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee, msichana wa rika langu, alichukuliwa na mto Lumemo wakati wa masika, na mwili haukupatikana.

Ndipo mwalimu wetu akatangaza kwamba jua litapatwa. Alituchorea ubaoni jinsi mwezi utakavyopita mbele ya jua, ulifunike kidogo, kisha uendelee na njia yake. Lakini habari ilipofika majumbani ilikuwa nyingine: jua linatiwa giza, siku ya mwisho imefika. Watu wengi waliogopa. Jirani yetu alifurahi. Kwake, siku hiyo wafu wangefufuka na mto ungemrudishia mtoto. Akagawa mbegu zake zote za mpunga, na shamba likabaki tupu.

Mwalimu alimfuata kumweleza habari za mwezi. Katekista naye akaja, akamkumbusha kwamba siku ile Mungu hakumwambia mtu. Jirani aliwapa wote wawili vigoda, akawasikiliza kwa heshima, na hakubadilika.

Asubuhi yenyewe bibi alinikataza kwenda shule. Tulikwenda kwa jirani ili asiwe peke yake. Tulimkuta amepika wali na samaki, ametandika mkeka, na gauni la mtoto limefuliwa na kukunjwa vizuri. Tukakaa. Mwanga ukaanza kupungua, ukawa rangi ya majivu. Kuku wakarudi bandani. Chini ya mkorosho, vidoa vya jua vikageuka kuwa miundu midogomidogo, mingi mno, ikitetemeka mchangani. Jirani akasimama akaelekea njia ya mtoni, akaita jina la mwanawe. Hakupaza sauti. Aliita kama mama anayemwita mtoto aje kula. Nikaitazama ile njia, na naapa niliona nyasi zikisogea. Bibi alinibana mkono mpaka ukauma.

Kisha mwanga ukarudi, na njia ilikuwa tupu.

Mwalimu alikuja mbio, uso umejaa furaha, kusema kwamba imetokea kama ilivyotabiriwa. Kisha akauona mkeka na lile gauni.

"Mwalimu," jirani alisema, "wewe ulijua mwezi utapita lini. Na mwanangu anarudi lini?"

Mwalimu alivua kofia, akakaa chini. Katekista, aliyefika nyuma yake, alisema mtoto atarudi, ila siku hatuambiwi.

"Basi nyote wawili hamjui."

"Hatujui," bibi alijibu kwa niaba yao. "Kula kwanza, mwanangu. Halafu twende tukapande."

Tuliula ule wali umepoa. Bibi alitoa mbegu zetu, na mvua ilipoanza tukapanda pamoja naye. Mwalimu na katekista walikuwa mstari mmoja, wameinama, bila kubishana. Jirani alivuna mwaka ule na miaka mingi baadaye. Lakini kila jioni, mwanga ukififia, alisimama njiani akaita. Sisi watoto tulizunguka mbali tusipite pale.

Siku hizi mjukuu wangu ananiambia jua litakuja kuzimika lenyewe baada ya miaka isiyohesabika. Wahubiri wa vipaza sauti wanasema ni karibuni. Nawasikiliza wote, na swali la yule mama linanirudia.

Bibi, mwalimu, katekista, jirani, wote wamekwenda. Pale kwenye mashine nilimuuliza kijana mmoja kama anajua nani aliishi hapo. Hajui. Katika walio hai, nadhani ni mimi tu ninayelikumbuka jina la yule mtoto. Nililitamka polepole, mashine ikinguruma juu yake, na hata mimi mwenyewe sikulisikia.