Suruali ya Mzee Kesho

Babake bibi yangu alikuwa mpishi wa meli, na mtaani walimwita Mzee Kesho. Kila alipoulizwa, "Utarudi lini kwenu?" alijibu, "Kesho," kisha akaendelea kupiga pasi. Miaka arobaini jibu ni hilo hilo. Watu wazima walicheka. Bibi, aliyekuwa mtoto, hakucheka. Alimfichia baba yake viatu chini ya kitanda, ili hiyo kesho ikifika asipate cha kuvaa.

Kisa chake ukoo mzima tunakijua. Meli ilitia nanga, akapeleka suruali iliyochanika kwa fundi cherehani, meli ikaondoka, suruali haijakwisha. Akaishia kumwoa binti wa fundi. Sisi vitukuu tukarithi vyerehani pamoja na ule ugonjwa wa mafundi: nguo haitoki siku iliyoahidiwa. Mimi mwenyewe nimewahi kumwambia bwana harusi "njoo kesho", Mungu anisamehe.

Sasa bibi ana miaka themanini na minane. Siku moja nikimpima gauni aliniuliza, "Hivi baba alibaki kwa kututaka, au alikwama tu?" Swali likanikaa rohoni.

Nikawa nafunga duka kila Jumatatu kwenda kwenye ofisi ya nyaraka. Mtunza nyaraka, mama mmoja wa miwani mizito, alinipokea kalamu mkononi.

"Jina la meli?"

"Silijui."

"Mwaka?"

"Kabla bibi hajazaliwa."

"Hongera, tumeshapata nusu ya dunia."

Hata hivyo akaniletea vitabu vya bandari, vumbi tupu. Nimezoea kufumua mishono, nikazifumua kurasa moja moja. Jumatatu ya nne tukampata: *Mpishi, hakurudi chomboni.* Nikataka kufunga kitabu. Kumbe alikwama kweli!

"Usifunge kitabu," mama wa miwani akasema. "Meli huwa zinarudi."

Ilirudi, baada ya miezi mitano. Nilinakili maneno ya nahodha, nikaenda mbio kwa bibi, nikamsomea nikiwa bado nahema:

"Mpishi wetu amepatikana kwa fundi cherehani. Amepewa nafasi yake, ameikataa. Asema suruali yake haijakwisha."

Bibi aliweka kikombe chini. "Miezi mitano?"

"Mitano, bibi. Si unatujua mafundi?"

"Suruali moja, mjukuu wangu? Hata wewe usingefika huko!" Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mama ndiye aliyeishona. Alikuwa akiniapia kwamba aliimaliza asubuhi ile ile ya kuondoka meli, ikiwa bado inapakia. Nami siku zote nikadhani anajitetea tu, kama nyinyi nyote."

Tukatazamana. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka nikamshika bega asianguke kitini.

"Mwongo mkubwa, baba yangu!" akasema. "Na mimi nilikuwa namfichia viatu bure."