Siku Tatu Kabla ya Ijumaa

Kwa miaka ishirini na miwili Delbert Rautio ndiye aliyekuwa mshika kiwanja wa familia yao.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika hifadhi ya jimbo iliyo kando ya Ziwa Sorvari, viwanja vya kupigia kambi vilikuwa vya anayewahi. Huwezi kuacha kiti na kamba ukasema pamechukuliwa. Sharti mtu alale pale, hema lisimame, moshi uonekane. Na wikiendi ya mwisho ya Julai kila mtu kaskazini mwa Minnesota anataka kulala ufukweni. Kwa hiyo Delbert alitangulizwa. Aliondoka Jumanne asubuhi na pikapu yake, akashika kiwanja namba kumi na saba, na wenzake wakafika Ijumaa jioni kila kitu kiko tayari.

Hakuchaguliwa kwa kikao. Hakuwa na mke wala mtoto, na kazi yake ilikuwa kutengeneza mabasi ya shule, ambayo Julai hulala. Nani mwingine angekwenda?

"Maskini Delbert," dada yake Marlys alikuwa akisema kila mwaka anaposhuka garini. "Siku tatu huna hata wa kumwambia habari za asubuhi." Kisha anamkabidhi pai nzima ya matunda ya bluberi, yake peke yake, asigawiwe mtu. Ilikuwa pai ya pole.

Kaka yao mkubwa, Gordon, alikuwa na lake. "Shujaa wetu! Mbu wamekubakizia nini?"

Delbert alicheka kidogo, akatazama viatu vyake, akapokea pai. Na aliila.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba zile siku tatu ndizo alizokuwa akizingojea tangu theluji ya kwanza inapoanguka.

Delbert alikuwa mtu wa kutayarisha maneno. Kabla hajaingia dukani alikaa kwanza garini akiipanga sentensi yake: habari za leo, naomba skrubu za inchi mbili. Muuzaji akimuuliza jambo jingine, kama vile mama yake alikuwaje hospitalini, sentensi yote inabomoka. Mezani kwa Marlys alitayarisha neno kuhusu samaki, na lilipokuwa tayari wenzake walikuwa wameshahamia kwenye bei ya paa za nyumba.

Kule ziwani hakutayarisha chochote. Alifunga turubai la buluu kati ya misonobari, akabeba kuni za kununua getini, maana za nyumbani haziruhusiwi, zisije zikaleta wadudu wanaokula miti. Alikaanga samaki wake wawili. Alisimama majini hadi kiunoni, akaimba nyimbo za kanisani za bibi yake kwa Kifini, nusu yazo hajui maana. Siku ya Alhamisi mabega yake yalikuwa yamelegea, wasiwasi umemtoka. Ijumaa aliweza kukumbatiwa na watu kumi na mmoja mfululizo asitamani kukimbia.

Basi Januari, wakiwa mezani kwa Marlys, binti yake Krista alisimama na simu mkononi.

"Mjomba Del, tulia usikie. Hifadhi imebadilisha utaratibu. Viwanja vyote sasa vinaagizwa kwa simu, miezi sita kabla. Leo saa mbili kamili nilikuwa nimeshabonyeza. Kumi na saba ni chetu, Ijumaa mpaka Jumapili! Huna haja ya kutangulia tena. Utakuja na sisi, garini, kama binadamu."

Wote walipiga makofi. Marlys alikuwa na machozi kabisa. "Miaka yote hiyo tumekutwisha wewe," alisema. "Ilikuwa inaniuma, sikujua niseme nini."

"Amestaafu huyu!" Gordon akasema. "Hebu hotuba! Nyamazeni, Delbert anatoa hotuba!"

Macho yote yakamgeukia. Hakuwa ametayarisha kitu.

"Asante, Krista," alisema. "Asante sana."

Na kwa neno hilo moja alikuwa amezitoa siku zake tatu.

Majira yote ya baridi, akiwa chini ya mabasi, alilizungusha jambo hilo kichwani. Kwenda kushika kiwanja ni kazi, watu wanaielewa. Kwenda kukaa tu peke yako mwituni wakati nduguzo wako nyumbani, hiyo utaiitaje? Tena ili aombe siku zile, ilibidi kwanza akiri kwamba hakuwahi kuteseka. Hakuwa amemdanganya mtu. Alinyamaza tu na kupokea. Lakini pai ishirini na mbili ni pai nyingi.

Jumanne ya mwisho ya Julai alijikuta anapakia pikapu. Alikuwa anafunga kisanduku cha barafu Marlys alipokatiza uani, maana nyumba zao zimepakana, akija kuazima ngazi.

"Unakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Del, safari ni Ijumaa. Krista alikuambia."

"Najua ni Ijumaa."

Marlys aliliangalia hema, akaiangalia fimbo ya kuvulia samaki. "Sasa unakwenda kushika nini?"

Alikuwa amelipanga jibu tangu Machi, sentensi nne, na sasa hakuiona hata moja. Ikatoka ya tano, ambayo hakuijua.

"Mimi napenda, Marlys. Nimekuwa nikipenda siku zote. Sikuwahi kuteseka hata siku moja."

Dada yake alimsogelea. "Hata ule mwaka wa mvua?"

"Ule ndio ulikuwa mzuri kuliko yote."

"Delbert Rautio! Mimi nasimama jikoni na joto lote lile, nakuokea pai kwa huruma, kumbe wewe uko huko unajistarehesha!" Alianza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia. "Kwa hiyo sisi tukifika Ijumaa ndio tunakuja kukuharibia."

Hilo lilimchoma. Alijua akikosea hapa, atamwumiza kweli. Akaweka kamba chini.

"Hapana. Ijumaa huwa nakaa mezani kuanzia saa nane, nasikiliza magari. La Gordon nalijua kwa mlio. Bila zile siku tatu, ningekuwa nimekaa nanyi lakini sipo. Kama pale mezani kwako. Si unaniona ninavyokuwa?"

"Nakuona," Marlys alisema taratibu. Alivuta ngazi kutoka ukutani, akaibeba begani mwenyewe. "Gordon nitamwambia mimi. Wewe ukimwambia atakutania mpaka Krismasi. Na pai mwaka huu hupati."

"Ni haki."

"Nenda basi, utakuta hakuna nafasi."

Nusura kweli akute hakuna. Msichana wa getini, mwenye sare ya kijani, alitafuta kwenye kompyuta yake kwa muda.

"Kumi na saba kina watu mpaka Ijumaa. Kimebaki thelathini na moja tu. Nikuambie ukweli, mzee, kiko nyuma ya vyoo na ziwa hulioni."

"Nakichukua."

"Wenzako wanakuja lini?"

"Ijumaa," Delbert alisema. "Leo ni mimi tu."

Kiwanja kilikuwa kibaya kama alivyoambiwa. Mlango wa choo ulibamizwa mara mbili kabla hajashusha mizigo. Chini kulikuwa kumejaa mizizi. Kigingi cha kwanza cha hema kilipinda, cha pili kikakataa kuingia. Alisogea hatua mbili kulia, akapiga goti, akajaribu tena, na hapo udongo ukakubali.