Jina Chini ya Kiti

Kaka yangu hufanya kazi na misumari mdomoni. Ndivyo walivyo mafundi wa makochi: misumari midogo imebanwa kwenye midomo, mkono mmoja unavuta kitambaa, mwingine una nyundo. Kwa hiyo haongei sana. Mteja akimpigia kelele, anaguna tu. Lakini akitema misumari kiganjani, mtaa mzima unajua kuna mtu ataambiwa ukweli, na mara nyingi mtu huyo ni mimi, dada yake, ninayeshona mito kwenye cherehani palepale mlangoni.

Ana miaka hamsini na sita. Magoti yamechoka, mgongo ndio huo, akiinuka anainuka kwa awamu. Hana mwajiri wa kumchangia uzeeni. Alichonacho ni fungu lake la kiwanja tulichoachiwa na baba, na kiapo kimoja: hatazeeka kama Mzee Kamba.

Mzee Kamba ndiye aliyemfundisha kazi. Walimwita hivyo kwa jinsi alivyovuta mikanda ya viti mpaka inalia. Akiba yake yote aliiweka kwenye mfuko mmoja wa uzeeni wenye ofisi ya vioo, na siku moja akaenda akakuta kufuli. Tulimchangia dawa, kisha tukamchangia sanda. Kaka aliporudi kutoka makaburini alikaa kwenye kochi lisilo na kitambaa akalia, na kilio kile kilikuwa cha hasira kuliko huzuni.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mume wangu ana mdogo wake, kijana wa tai na viatu vilivyochongoka, wakala wa mfuko mpya wa pensheni kwa waliojiajiri. Weka leo, baada ya miaka mitatu chukua mara mbili. Nikamleta mwenyewe kwa kaka. Nilimsifia mpaka mate yakanikauka. Nilisema damu ni nzito kuliko maji, na kwamba foleni ya mfuko wa serikali ni ya watu wasio na kazi za kufanya.

Kaka hatoi bei ya kochi kabla ya kulipindua na kuchana kitambaa cha chini. Husema kochi huchumbiwa juu lakini huolewa chini. Basi akampindua shemeji yangu vilevile.

"Hizo hela anazishika nani?" aliuliza kwa pembe ya mdomo, misumari ikiwa bado imebanwa.

"Sisi wenyewe, kaka. Zinakaa ofisini kwetu."

"Msimamizi wa mifuko anawatambua?"

"Maombi yako mezani kwao. Ni taratibu tu."

"Na hiyo mara mbili inatoka wapi?"

Shemeji alicheka, akanigeukia. "Shemeji, kaka yako ana maswali kama polisi." Nami nikacheka naye. Mungu anisamehe kicheko kile.

Kaka hakusaini. Alisema atafikiri mpaka Ijumaa. Wiki nzima nikamkalia kooni: unachelewa, wenzako wanawahi, huyu si mtu wa kando. Jumatano mkokoteni ukaleta viti kumi na viwili, na shemeji nyuma yake.

"Tunafungua ofisi mpya Jumamosi," alisema. "Badilisha kitambaa tu, kaka. Ndani usiguse, muda hakuna. Malipo yako nitayaingiza moja kwa moja kwenye akiba yako, unakuwa umeshaanza."

Nikampiga kaka jicho la unaona sasa. Yeye alisubiri mgeni aondoke, akapindua kiti cha kwanza, akachana. Ndani mlikuwa na mikanda ya zamani iliyokatika, na maboksi na matambara yaliyosokomezwa baadaye. Nilitegemea agune, hakuguna. Aliniita kwa mkono.

Mafundi wa zamani huandika kwenye ubao wa chini, kwa penseli, jina lao, idadi na malipo, ili kiti kikirudi wasibishane na mteja. Mwandiko ule niliujua, ile K yenye mguu uliopinda. *Kamba. Viti 12. Malipo yameingizwa akiba ya uzeeni.*

Akapindua cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na mbili. Vyote vilisema hivyo hivyo. Ndipo akatema misumari.

"Ni walewale," alisema. "Wamebadilisha kitambaa."

Nilimpigia shemeji simu. Nikamwuliza viti vimetoka wapi. Akasema yeye kavikuta kwa mabosi wake, atajuaje, kazi ni kazi. Nikamsomea maneno ya penseli. Akauliza kama viti vitakuwa tayari Jumamosi. Hakuuliza hata Kamba ni nani, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

"Na wewe ulitaka niwahi," kaka aliniambia.

"Ndiyo," nilisema.

Jumamosi asubuhi viti vilifika kwa wakati. Tulivipanga mbele ya ofisi yao, miguu juu, matumbo wazi. Shemeji alitoka mbio, tai begani.

"Shemeji, unaniaibisha mbele za watu."

"Bado sijaanza," nilimwambia. Mume wangu ameninunia tangu siku hiyo. Anune.

Walioalikwa walianza kufika: fundi pikipiki, muuza mitumba, msusi mmoja mnene aliyeshika bahasha kwa mikono miwili. Msusi akainama kwenye kiti cha kwanza akasoma. Akaenda cha pili. Alisoma vyote kumi na viwili, kana kwamba huenda kimoja kingesema vingine.

"Huyu Kamba alilipwa?"

Siku hiyo kaka hakuwa na msumari hata mmoja mdomoni. "Tulimzika kwa mchango," alisema.

Msusi aliirudisha bahasha mkobani, akafunga zipu. "Ile foleni ya serikali inaanza saa ngapi?"

"Saa mbili. Uje na kitu cha kukalia."

Jumatatu kaka na msusi walipanga foleni mpaka mchana. Kaka alimpindua karani kwa maswali yaleyale. Karani, bila hata kutabasamu, akamwonyesha benki inayoshika michango, usajili wa mfuko, na taarifa ambayo kila mwanachama hupewa kwa mwaka. Faida ni ndogo. Kaka akasaini.

Alikuwa amekalia kigoda alichokiunda Jumapili. Kilipofika nyumbani nilikipindua, kwa kuwa siku hizi napindua kila kitu. Chini ameandika kwa penseli: *Kamba. Malipo bado.*